Je, Kumpendelea Aliyeachwa Nyuma ni Haki?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani ilitenda haki ilipovikataza vyuo vikuu kutazama rangi ya mtu anayeomba nafasi ya masomo. Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono. Kama wasomaji wajuavyo, katika mdahalo wetu mtu hachagui upande. Mwalimu ndiye apangaye, na kazi ya msemaji ni kuutetea upande wake kwa nguvu zake zote. Basi nilisema, na upande wetu ukashinda kwa kura 94 dhidi ya 71. Wenzangu walinipigia makofi, na wengine wakanibeba mpaka mlangoni mwa bwalo.

Usiku ule, taa zilipokwisha kuzimwa, mwenzangu wa kitanda cha juu aliniuliza, "Sasa wewe mwenyewe utarudi lini kwenu?" Bweni zima likacheka. Nami nilicheka, lakini usingizi haukuja upesi. Neno lile lilikuwa la kweli. Niliingia katika shule hii kwa nafasi chache zilizogawiwa wilaya yetu, na alama zangu za darasa la saba zilikuwa chini ya alama za vijana wengi wa mjini waliokosa nafasi hapa. Ikiwa maneno niliyoyasema siku ile ni kweli tupu, basi nimekalia kiti cha mtu mwingine. Kwa hiyo naomba nafasi katika gazeti letu niseme yale niyaaminiyo mwenyewe, bila ya kupangwa na mtu.

Kwanza yafaa tujue jambo lenyewe lilivyoanza. Watu weusi wa Marekani walikuwa watumwa mpaka mwaka wa 1865, Katiba ya nchi ilipobadilishwa ili kuufuta utumwa. Mwaka wa 1868 Katiba ikaongezwa maneno ya kwamba kila mtu ana haki ya kulindwa na sheria sawasawa. Walakini, mwaka wa 1896 Mahakama ya Juu iliamua kwamba si kosa kuwatenga watu kwa rangi, maadamu kila upande umepewa mahali palipo sawa na pa mwenzake. Usawa huo ulikuwa wa mdomoni tu. Shule za Wazungu zilipata fedha na vitabu vipya, shule za watu weusi zikapata mabaki. Hali hiyo ilidumu miaka 58, mpaka mwaka wa 1954, mahakama ile ile ilipotamka kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa ajili ya rangi yao ni kinyume cha Katiba.

Mwaka wa 1961 Rais John F. Kennedy aliwaagiza wenye mikataba ya kazi na serikali wachukue hatua za makusudi ili watu wasibaguliwe kwa rangi wanapoajiriwa. Mwezi wa Juni 1965 Rais Lyndon B. Johnson alikihutubia Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi mjini Washington. Alitoa mfano wa mtu aliyefungwa minyororo miaka mingi, kisha akafunguliwa na kupelekwa kwenye mstari wa mbio, akaambiwa ashindane na wenzake. Alisema kwamba mtu hawezi kufanya hivyo kisha akadhani ametenda haki. Mwaka ule ule alitoa amri yake mwenyewe iliyoitia nguvu ile ya Kennedy.

Vyuo vikuu navyo vikafuata. Chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha California, huko Davis, kilikuwa na nafasi 100 kila mwaka, kikazitenga 16 kwa ajili ya watu wa jamii zilizoachwa nyuma. Mzungu mmoja, jina lake Allan Bakke, aliomba nafasi mwaka wa 1973 na tena mwaka wa 1974. Mara zote mbili alikataliwa, ingawa alama zake ziliwapita baadhi ya waliopokewa katika zile nafasi 16. Akaenda mahakamani. Mwaka wa 1978 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba Bakke apokewe. Ilisema kwamba chuo hakiruhusiwi kutenga hesabu maalumu ya nafasi kwa rangi, lakini kinaweza kuitazama rangi kuwa jambo moja kati ya mengi.

Mwaka wa 2003, katika shauri la chuo cha sheria cha Michigan, mahakama ilishikilia njia hiyo, na Jaji Sandra Day O'Connor aliandika kwamba anatazamia upendeleo huo hautahitajika tena baada ya miaka 25. Miaka hiyo haikutimia. Tarehe 29 Juni 2023, katika mashauri juu ya Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina, mahakama ilitamka kwamba njia za vyuo hivyo ni kinyume cha Katiba. Waliofungua mashauri walidai kwamba Harvard iliwaonea vijana wenye asili ya Asia. Hata majaji wawili weusi wa mahakama ile hawakupatana. Jaji Clarence Thomas aliunga mkono hukumu, naye Jaji Ketanji Brown Jackson aliipinga kwa maandishi katika shauri la North Carolina. Januari 2025 Rais Donald Trump aliifuta na ile amri ya Johnson ya mwaka wa 1965. Ndiyo maana nasema kwamba jambo hili si jepesi, na anayelimaliza kwa neno moja hajalitazama vizuri.

Nami sitawadharau wale wanaoupinga upendeleo, kwa kuwa nilisimama mahali pao mbele ya shule nzima. Wao husema kwamba rangi si kosa wala si sifa, na kwamba ugonjwa wa ubaguzi hautibiwi kwa kubagua tena. Husema kwamba Bakke hakumfanya mtu mtumwa. Mbona alipe deni la babu za watu wengine? Husema kwamba mtoto wa daktari mweusi aliye tajiri atapendelewa, na mtoto wa mchimba makaa ya mawe, Mzungu maskini wa milima ya West Virginia, atasahauliwa. Mwisho husema kwamba upendeleo humtia mtu doa, kwani hata akifaulu kwa jasho lake, wenzake watanong'ona kwamba alisaidiwa. Hoja hii ya mwisho naijua barabara, maana niliisikia ikitoka kitanda cha juu.

Sasa nitajibu.

Juu ya Bakke, nakiri kwamba aliumia, na maumivu yake yalikuwa ya kweli. Lakini tutofautishe mambo mawili. Mtu mweusi wa zamani alifungiwa mlango kwa sababu walioufunga walimwona si mtu kamili. Bakke hakufungiwa mlango kwa dharau ya namna hiyo. Nafasi 84 zilikuwa wazi kwake na kwa wenzake, na hakuna aliyesema kwamba Wazungu hawafai kuwa madaktari. Ukimwambia mgeni asiingie nyumbani mwako kwa sababu ni mchafu, umemtukana. Ukiwaambia watoto wako wasogee kidogo kwenye mkeka ili aliyesimama nje mvuani apate kukaa, wao watabanwa, lakini hujawatukana. Na Bakke mwenyewe alikwisha pata haki yake. Alimaliza masomo mwaka wa 1982, akawa daktari.

Juu ya alama, yafaa tuulize alama ni kitu gani. Nilikotoka, mwalimu mmoja alifundisha hesabu na sayansi katika madarasa matatu. Alipoingia darasa la saba, la tano na la sita yalikaa kimya na kunakili ubaoni. Kabla ya kwenda shule tulichota maji, na jioni tulisoma mpaka giza lilipotukataza. Kijana wa mjini alikuwa na mwalimu kwa kila somo, taa ya umeme mezani, na masomo ya ziada siku za Jumamosi. Yeye akapata 80, mimi nikapata 68. Simwonei wivu, wala sisemi kwamba alama zake ni za uongo. Nasema tu kwamba alama hutuonyesha mtu alipofika, lakini hazituonyeshi alikoanzia. Anayezitazama zote mbili hamhurumii mtu. Anaisoma alama vizuri zaidi.

Tena tusidanganyike kwamba bila ya upendeleo wa rangi vyuo vile havina upendeleo wowote. Katika lile shauri la Harvard ilionekana wazi kwamba chuo kiliwapendelea watoto wa watu waliosoma pale zamani, na watoto wa watu waliokitolea chuo fedha nyingi. Upendeleo huo hukumu ya 2023 haikuugusa. Mtoto wa tajiri akiingia kwa jina la baba yake, hakuna amwulizaye usiku atarudi lini kwao. Mtoto wa maskini akisogezewa kiti, ndipo watu wakumbukapo habari za haki. Mimi naona kwamba tunayaona haya ya upendeleo mpya kwa sababu ya zamani tumekwisha yazoea.

Na hukumu ile imeleta nini? Katika chuo cha MIT, ambacho ni maarufu kwa sayansi na ufundi, wanafunzi weusi walikuwa yapata asilimia 13 ya walioanza masomo katika miaka iliyotangulia. Mwaka wa 2024 walikuwa asilimia 5. Kwa haki yafaa niseme pia kwamba haikuwa hivyo kila mahali, kwani katika chuo cha Yale walibaki asilimia 14 kama mwaka uliotangulia. Lakini hesabu ya MIT yatosha kutuonyesha kwamba ule mstari wa mbio aliousema Johnson haujawa sawa bado. Moja ya sababu ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za shule za Marekani hutoka katika kodi ya nyumba na ardhi za mahali pale pale. Mtaa wa matajiri huwa na shule ya kitajiri, na mtaa wa maskini huwa na shule ya kimaskini. Mwaka wa 1954 mahakama iliufungua mlango, lakini fedha zilibaki chumba kile kile.

Hata hivyo sisemi kwamba upendeleo wa rangi uwe wa milele, na hapa sisi wenyewe tuna somo la kukumbuka. Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wakati wa Waingereza shule za Tanganyika zilikuwa mbalimbali kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Mwaka wa 1955, katika Baraza la Kutunga Sheria, upande wa wajumbe wasio wa serikali ulikuwa na Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10, ingawa Waafrika walikuwa karibu watu wote wa nchi. Huo nao ulikuwa upendeleo, ila ulimpendelea aliyekuwa mbele tayari. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vyeo vingi vya juu serikalini vilikuwa mikononi mwa Wazungu, kwa sababu Waafrika waliopewa elimu ya juu walikuwa wachache mno. Serikali ikawapa Waafrika nafasi ya kwanza katika kazi zake. Naona ilifanya vyema, kwani bila ya hivyo Uhuru ungekuwa bendera tu.

Lakini tazameni na upande wa pili. Oktoba 1961, Bunge lilipozungumza habari za uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia utolewe kwa kutazama rangi. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikataa katakata, akasema kwamba serikali yake itajiuzulu ikishindwa katika jambo hilo. Na Januari 1964, akiwa Rais, alitangaza kwamba upendeleo wa rangi katika kazi za serikali umekwisha, na tangu siku hiyo raia wote watatazamwa sawa. Hawakufurahi wote. Mwezi ule ule askari wa Tanganyika Rifles waliasi, na moja ya madai yao lilikuwa kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Hata hivyo neno lile la Januari lilikuwa neno la haki. Dawa ina kipimo chake. Mgonjwa akipona na akaendelea kuinywa, hugeuka sumu.

Mtu ataniuliza: kama Nyerere aliukomesha upendeleo baada ya miaka 2 tu, kwa nini Marekani iendelee nao miaka 60? Jibu langu ni kwamba hali hazikuwa moja. Hapa waliokuwa wamenyimwa ndio waliokuwa wengi, nayo serikali ilikuwa mikononi mwao. Na tangu mwaka wa 1962 shule zilifunguliwa kwa watoto wa rangi zote. Ilikuwa kazi ya kungoja vijana wasome, kisha nafasi zingejaa zenyewe. Watu weusi wa Marekani ni kama mmoja katika kila watu wanane. Hawawezi kungoja wingi wao uwatetee, maana hawana wingi.

Basi kauli yangu ni hii. Kumpendelea aliyeachwa nyuma ni haki, lakini kwa masharti matatu.

Sharti la kwanza, asaidiwe mlangoni, asisaidiwe kwenye mtihani wa mwisho. Apewe nafasi ya kuingia katika chuo cha udaktari, kisha afanye mtihani ule ule wa wenzake. Mgonjwa hataki kujua daktari wake alitoka wilaya gani. Ataka kujua kama anaijua kazi.

Sharti la pili, tutazame ukuta wenyewe uliomzuia mtu. Mahali ambapo rangi ndiyo iliyokuwa ukuta, kujifanya hatuioni rangi ni kujifanya hatuuoni ukuta. Lakini mahali ambapo ukuta ni umaskini, au umbali wa kijiji, au mila ya kumbakiza msichana nyumbani, huo ndio utazamwe. Kwa njia hiyo yule mtoto wa mchimba makaa wa West Virginia naye atapata kiti, na mtoto wa daktari tajiri, wa rangi yoyote, atajitegemea.

Sharti la tatu ndilo kubwa, na ndilo tulilolisahau sisi sote katika mdahalo, walioshinda na walioshindwa. Upendeleo huchukua mtu mmoja katika kumi ukawaacha tisa pale pale. Nilipokuwa darasa la saba nilikaa dawati moja na rafiki yangu ambaye alinizidi hesabu tangu darasa la tatu. Mwaka ule baba yake aliugua, naye akawa hachungi masomo bali ng'ombe, siku tatu au nne kila wiki. Mtihani ulipokuja hakufaulu. Nafasi za wilaya hazikumsaidia kitu, maana hakuufikia hata huo mlango unaobishaniwa. Mimi nilipokwenda Kidato cha Kwanza yeye ndiye aliyenibebea sanduku mpaka kituo cha basi. Likizo iliyopita alikuja nyumbani kuniomba madaftari yangu ya zamani ya hesabu. Nilidhani anayataka yeye, nikafurahi. Akasema ni ya mdogo wake wa kike, aliye darasa la sita katika shule ile ile yetu, ambayo hata leo ina mwalimu mmoja wa hesabu.

Hapo ndipo nilipofahamu. Marekani wamebishana miaka 60 juu ya viti vya chuo kikuu, na mabishano hayo yana maana. Lakini mtoto wa miaka sita asiye na mwalimu amekwisha achwa nyuma miaka 12 kabla ya shauri lake kufika mbele ya jaji yeyote. Nafasi maalumu ni daraja la kuvukia mto wakati wa mafuriko. Ni lazima liwepo, na alaaniwe alibomoaye watu wakiwa ng'ambo. Walakini, asiyeshughulika na mafuriko yenyewe atajenga madaraja milele.

Kwenu ninyi wadogo wa Kidato cha Kwanza, mliotoka kata za mbali na mnaoona haya mwenzenu akiwataja kwa alama zenu, nawaambia msione haya. Hamkuiba kitu. Lakini pia msilale, kwani kiti mlichopewa kina watu nyuma yake wasioonekana. Kwa waalimu na wazazi wetu nasema kwa heshima: mkisikia watu wakibishana kama nafasi za wilaya zibaki au ziondoke, waulizeni kwanza shule za wilaya hizo zina waalimu wangapi.

Na kwako wewe, ndugu yangu wa kitanda cha juu, jibu la swali lako ni hili. Ndiyo, nitarudi kwetu. Mungu akinijalia nitarudi nikiwa mwalimu wa hesabu, ili wawe wawili.